Kitendawili Kabla ya Herufi: Uhakiki wa Matini za Kumsaidia Mtoto wa Darasa la Awali Nyumbani kwa Kurejelea Kibakwe, Mpwapwa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matini zinazowalenga wazazi na walezi wa watoto wa darasa la awali nchini Tanzania: ushauri wa malezi, hadithi za programu za utayari wa shule, na katuni za elimu. Matini hizo zinatazamwa kutoka Kibakwe, wilayani Mpwapwa, ambako lugha ya nyumbani kwa watoto wengi si Kiswahili, na ambako jioni ya familia ina kazi nyingi kuliko vitabu. Hoja kuu ni kwamba matini hizo aghalabu huichukulia kaya isiyo na kitabu kuwa kaya isiyo na cha kumfundishia mtoto kusoma, na hivyo huuacha kando utanzu ambao tayari unamwandaa: kitendawili pamoja na michezo mingine ya maneno. Kwa kuongozwa na mawazo ya Vygotsky, Heath na Mulokozi, makala yanaonesha kwamba kitendawili humzoesha mtoto kuona kitu kimoja kikisimama badala ya kingine, na michezo ya silabi humzoesha kulikata neno. Stadi zote mbili ni msingi wa kusoma. Inapendekezwa kwamba matini ya kumsaidia mtoto nyumbani ipimwe kwa namna inavyochezeka mdomoni mwa mzazi, pamoja na ubora wa maudhui na picha zake.

Maneno muhimu: elimu ya awali, kitendawili, michezo ya watoto, silabi, fasihi ya watoto, Cigogo

1.0 Utangulizi

Kibakwe iko kusini mwa Wilaya ya Mpwapwa, mkoani Dodoma, kuelekea Milima ya Rubeho. Ni eneo la wakulima na wafugaji. Lugha kubwa ya wilaya hiyo ni Cigogo, na wamo pia wazungumzaji wa Kihehe na Kikaguru. Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko na ya ofisi ya kijiji. Mtoto wa miaka mitano anayeanza darasa la awali mwezi Januari huanza, kwa hiyo, mambo mawili kwa siku moja. Huanza shule, na huanza kuishi saa kadhaa za siku yake katika lugha ambayo huenda ameisikia zaidi kuliko alivyoizungumza.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi. Ile ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Mtaala wa Darasa la I na la II wa mwaka 2015 uliweka mkazo katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ikitaja nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama wa mtoto. Hatua baada ya hatua, mjadala wa kusoma umevuka kizingiti cha darasa ukaingia nyumbani. Mzazi ambaye zamani alitakiwa kununua sare na daftari, leo anaambiwa kwamba yeye ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto wake.

Kauli hiyo ni ya kweli. Tatizo liko katika kinachofuata baada yake. Mzazi akishaambiwa kwamba ni mwalimu, huonyeshwa vifaa vya mwalimu: kitabu cha hadithi, kadi za herufi, picha ukutani, kona ya kusomea. Mama wa Kibakwe ambaye hana hata kimoja kati ya hivyo, na pengine hakumaliza shule, huhitimisha kwamba hana cha kumpa mtoto. Hujiondoa kwa heshima na kumwachia mwalimu wa darasa la awali. Hasara inayotokea hapo haiwezi kuwekwa kwenye hesabu ya madawati na vitabu, kwa maana kilichoondoka ni sauti iliyokuwa imeshaanza kazi. Makala haya yanahoji matini zinazosababisha kujiondoa huko, na kutafuta kigezo bora cha kuzipima.

2.0 Msingi wa Uhakiki

Mawazo ya watu watatu yanaongoza mjadala huu. La kwanza ni la Lev Vygotsky, ambaye katika mhadhara wake wa mwaka 1933 kuhusu mchezo alieleza kwamba mtoto anapocheza huitenga maana na kitu chenyewe. Fimbo huwa farasi. Mtoto wa Kibakwe anayelifunga gunzi la mahindi mgongoni kwa kipande cha kitenge na kulibembeleza lisilie, anafanya kazi hiyo hiyo: anakubali kwamba kitu kinaweza kusimama badala ya kingine kisichofanana nacho kwa umbo. Hilo ndilo sharti la kwanza la kusoma. Herufi m haifanani hata kidogo na sauti inayoiwakilisha, na mtoto ambaye hajawahi kulibembeleza gunzi, au kitu cha namna hiyo, ana sababu ndogo ya kuliamini alama hilo la ubaoni.

Wazo la pili ni la Shirley Brice Heath. Katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu jamii tatu za majimbo ya Carolina nchini Marekani, Heath alionesha kwamba watoto wote walikuja shuleni wakiwa na ustadi wa lugha, ila ustadi wenyewe haukuwa wa aina moja. Katika jamii mojawapo, Trackton, watoto hawakusomewa vitabu kabla ya kulala, wala wazazi hawakuwauliza majina ya vitu. Waliulizwa kitu hiki kinafanana na nini. Shule ilianza na swali la jina, na swali la mfanano likaja miaka kadhaa baadaye, wakati wengi wao walikuwa wameshahesabiwa kuwa wameshindwa. Kibakwe si Trackton, na historia zao hazifanani. Hata hivyo, tofauti ya maswali aliyoiona Heath inasaidia kuliona jambo ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekuwa nalo karibu mno kiasi cha kutolitazama.

Wazo la tatu linatoka katika uainishaji wa M. M. Mulokozi wa mwaka 1989, uliogawa tanzu za fasihi simulizi kwa kuzingatia, pamoja na mambo mengine, namna zinavyotendeka na muktadha wa utendekaji wake. Katika uainishaji huo kitendawili kimo ndani ya semi. Faida yake kwa mjadala huu ni msisitizo wa utendaji: kitendawili kilichoandikwa kitabuni pamoja na jibu lake ni kumbukumbu ya kitendawili tu. Chenyewe huwapo pale tu mtu anapotega na mwingine anapotafuta.

3.0 Hadithi ya Kabla ya Kulala kama Ushauri

Ushauri unaorudiwa zaidi katika matini za malezi ni kwamba mzazi amsomee mtoto hadithi kila usiku kabla ya kulala. Kwa juu juu ushauri huo hauna ubaya, na mahali penye kitabu na msomaji una manufaa makubwa. Uhakiki unapoufungua, hata hivyo, hukuta ndani yake kaya kamili iliyochukuliwa kuwa ya wote: kitabu kimoja au zaidi katika lugha ambayo mtoto anaielewa, mtu mzima anayesoma bila taabu, taa ya kutosha, na saa ya utulivu ambayo mtu mzima mmoja anaweza kuitenga kwa mtoto mmoja.

Kalenda ya kilimo ya nyanda za kati inatosha kuonesha ugumu. Mvua ni za msimu mmoja, huanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika Aprili. Shule zinapofunguliwa Januari, wazazi wako katikati ya palizi. Wanarudi jioni, kuna kuni, maji na chakula cha usiku. Baada ya mavuno, jioni hugeuka kuwa wakati wa kupukuchua mahindi na kuchambua maharage. Katika majira yote mawili mikono ina kazi. Kitabu kinahitaji mikono na mwanga. Kitendawili kinahitaji mdomo. Mama anayepukuchua mahindi gizani akiwa amezungukwa na watoto watatu wa umri tofauti yuko katika muktadha uliouzaa utanzu wenyewe, na ushauri unaomtaka aache ili atafute kitabu unamwondoa mahali ambapo angeweza kufundisha.

Kosa la ushauri huo ni kuchanganya njia na lengo. Lengo la hadithi ya usiku ni mtoto apate mtu wa kuzungumza naye kwa lugha iliyopangwa, yenye mwanzo na mwisho, inayohusu vitu visivyokuwapo mbele ya macho yake. Ngano inayosimuliwa kwa Cigogo hulifikia lengo hilo. Matini nyingi za ushauri huitaja ngano kama mbadala wa muda, kitu cha kutumia hadi kitabu kitakapopatikana. Kuiweka ngano katika cheo hicho ni uamuzi wa kifasihi, nao unastahili kuhojiwa kama uamuzi mwingine wowote wa kifasihi.

4.0 Swali la Kitendawili na Swali la Darasa

Kichukuliwe kitendawili kinachojulikana na kila mtoto wa Kiswahili: Nyumba yangu haina mlango. Jibu lililozoeleka ni yai. Kwa mhakiki wa watu wazima kitendawili hiki ni chepesi mno kiasi cha kutostahili aya nzima. Kwa mtoto wa miaka mitano kina kazi tatu ngumu. Kwanza, inambidi aliache neno nyumba lisimame bila nyumba, kama gunzi lilivyosimama bila mtoto. Pili, inambidi ashike ukanushi, haina, na kuutumia kuchuja: nyumba anazozijua zote zina mlango, kwa hiyo kinachotafutwa si nyumba. Tatu, inambidi apekue vitu anavyovijua kwa kufuata sifa na si kwa kufuata jina. Kazi zote hizo zinafanyika bila picha, kwa lugha peke yake.

Darasa la awali, kwa upande wake, huanza na swali la aina nyingine. Mwalimu hunyoosha kidole kwenye picha na kuuliza: hiki ni nini? Mtoto hutakiwa kutoa jina, na kwa Kiswahili. Swali hilo ni halali, kwa maana bila majina hakuna msamiati. Lakini mtoto aliyezoea kuulizwa nyumbani kwa njia ya mafumbo huweza kuliona kuwa swali la ajabu, kwa sababu anayeuliza anaona kitu kile kile anachokiona anayeulizwa. Kimya cha mtoto hapo husomwa kuwa hajui. Kumbe huenda anasubiri fumbo.

Kuna tofauti ya pili, nayo inahusu kushindwa. Anayetegewa kitendawili akishindwa huombwa mji. Hutoa Dodoma, hutoa Kongwa, hutoa Mpwapwa yenyewe, na mtegaji akiridhika husema jibu. Kushindwa kuna bei, bei yenyewe ni mchezo, na mchezo unaendelea. Aliyeshindwa ametoa kitu kikubwa, hakudhalilika, na zaidi ya hayo amejizoeza majina ya miji. Darasani jibu lisilo sahihi halina mji wa kutoa. Linabaki kosa, na mara nyingi mtoto aliyelitoa hunyamaza hadi kipindi kiishe. Michezo ya kufundishia inayobuniwa kwa ajili ya darasa la awali ingefaidika kwa kujifunza adabu hiyo ya kushindwa iliyomo katika kitendawili.

Pingamizi moja linapaswa kukabiliwa hapa. Majibu ya vitendawili ni ya mapokeo. Mtoto huyakariri, kwa hiyo huenda hafikiri chochote. Pingamizi hilo lina ukweli, hasa kwa vitendawili vilivyozoeleka. Jibu lake liko katika namna ya kutega. Tuseme mtoto, badala ya yai, akajibu boga. Boga nalo ni duara, lina kitu ndani, na halina mlango. Mtegaji anayesema "si hilo" na kuomba mji ameufuata utaratibu lakini ameipoteza nafasi. Anayeuliza "kwa nini boga?" amemfanya mtoto ataje sifa, azilinganishe na atetee hoja yake. Katika mabadilishano hayo mafupi ndimo kitendawili kinapogeuka kutoka kumbukumbu na kuwa ujifunzaji. Ushauri kwa mzazi ungeweza kuwa mfupi hivi: usilikimbilie jibu la mapokeo, liulize boga.

5.0 Silabi Mdomoni na Silabi Ubaoni

Kusoma alfabeti kunahitaji stadi nyingine, nayo ni kulisikia neno kama mfululizo wa vipande. Lugha za Kibantu zinamsaidia mtoto hapa kwa sababu silabi zake kwa kawaida ni wazi, zinaishia na irabu. Watoto wa Kiswahili wana mchezo wa kinyume, ambamo silabi ya mwisho huhamishwa kwenda mwanzoni: paka huwa kapa, kitabu huwa bukita. Wanaisimu wameutumia mchezo huu kama ushahidi wa muundo wa silabi. Kwa mtaalamu wa elimu ya awali ushahidi huo una maana nyingine: mtoto anayeweza kusema bukita amelikata neno mahali sahihi bila kuoneshwa herufi hata moja. Mchezo huo kwa kawaida ni wa watoto wakubwa kidogo. Walio na miaka mitano huanza kwa kupiga makofi, kofi moja kwa kila silabi, au kwa kuruka na kutua katika nyimbo za duara.

Kwa Kibakwe suala hili lina pande mbili, kwa sababu mtoto anakata maneno ya lugha mbili. Neno la Cigogo munhu lina silabi mbili, mu na nhu. Neno la Kiswahili mtu nalo lina silabi mbili, m na tu, na silabi ya kwanza ni nazali peke yake. Ndiyo inayobeba mkazo. Mtoto akipiga makofi mawili kwa kila neno yuko sahihi katika lugha zote mbili. Taabu inaanza ubaoni. Chati ya silabi inasema ma, me, mi, mo, mu. Haina m iliyosimama yenyewe. Mtoto akiandika mutu kwa maana ya mtu, hakuandika ovyo. Amefuata sarufi ya nyumbani kwake, na amefuata chati ya mwalimu. Kosa lake limejengwa kwa vyanzo viwili vyenye mantiki, na anayelisahihisha kwa wino mwekundu bila maelezo anamwambia mtoto kwamba masikio yake si ya kuaminiwa.

Jim Cummins alipendekeza mwaka 1979 kwamba ustadi uliojengwa katika lugha ya kwanza hutegemeza ustadi katika lugha ya pili. Mfano wa munhu na mtu unaonesha namna msaada huo unavyoweza kutokea katika chumba kimoja: mzazi anayecheza na mtoto kwa Cigogo hamcheleweshi kukijua Kiswahili. Anamjenga mtoto anayejua kwamba maneno hukatika. Ushauri unaomhimiza mzazi azungumze Kiswahili tu nyumbani ili mtoto "azoee shule" unaibadilisha lugha anayoicheza kwa ustadi na lugha ambayo pengine hana mafumbo yake.

6.0 Matini Mbili Katika Mizani

Kwa kuzingatia yaliyojadiliwa, matini ya kumsaidia mtoto nyumbani inaweza kuulizwa maswali mawili. Je, inamwachia mtoto zamu yake, na iko tayari kupokea boga? Je, inakatika na kubebeka, yaani inaweza kutoka katika karatasi au skrini na kuishi mdomoni? Sifa hizo mbili kwa pamoja zinaweza kuitwa uchezekaji.

Matini ya kwanza ni Mpango wa Utayari wa Kuanza Shule, uliotekelezwa chini ya programu ya EQUIP-Tanzania kwa ufadhili wa Uingereza katika mikoa kadhaa, Dodoma ikiwamo. Uliwalenga watoto ambao hawakuwa wamepata elimu ya awali, wengi wao wakiwa hawazungumzi Kiswahili nyumbani. Msingi wake ulikuwa hadithi, nyimbo na michezo, na walioiendesha walikuwa watu waliochaguliwa na jamii zenyewe. Uamuzi huo wa mwisho ndio wenye uzito kifasihi. Hadithi ya Kiswahili ilitoka mdomoni mwa jirani anayeijua lugha ya mtoto, anayeweza kuona uso uliokwama na kulitaja neno kwa lugha ya nyumbani. Kwa kigezo cha zamu, matini hiyo inafaulu. Kwa kigezo cha kubebeka, swali linabaki wazi kwa programu yoyote inayoanza na kitabu: hadithi inasafiri kutoka kitabuni kwenda nyumbani, lakini ni njia gani inayoirudisha ngano ya nyumbani kitabuni? Mahali ambapo njia hiyo haipo, mtoto hujifunza pia kwamba hadithi za kuandikwa ni za wengine.

Matini ya pili ni katuni ya Akili and Me, iliyotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam na kurushwa pia kwa Kiswahili. Mhusika mkuu, Akili, ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Anapolala huingia Lala Land, ambako hujifunza herufi, namba na sanaa pamoja na marafiki zake wanyama. Utafiti wa Dina Borzekowski uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba watoto walioitazama walipiga hatua kuliko wenzao katika stadi kadhaa, zikiwamo za kutambua namba na maumbo. Mafanikio hayo si madogo. Kifasihi, katuni hiyo ina werevu wa kuuweka ujifunzaji ndani ya ndoto, mahali pale pale ambapo bibi alipouacha mwisho wa ngano, na nyimbo zake fupi hukaririka kwa urahisi. Inapita vizuri katika kubebeka.

Udhaifu wake ni wa chombo chenyewe, si wa wabunifu. Skrini inaweza kuuliza na kunyamaza kidogo, kisha jibu lake huja lile lile, awe mtoto amesema yai, boga, au hakusema chochote. Haiombi mji. Kwa hiyo katuni hukamilika pale tu mtu mzima au dada mkubwa anapoichukua nyimbo yake baada ya kipindi na kuigeuza kuwa mchezo wenye zamu. Ushauri kwa mzazi ambaye jirani yake ana televisheni ungepaswa kuzungumzia zaidi nusu saa inayofuata kipindi kuliko kipindi chenyewe.

Mfano wa tatu, mdogo, unaithibitisha hoja. Mchezo wa Ukuti unachezwa na watoto wa shule za awali bara na pwani. Jina lake linatokana na mnazi, mti ambao mtoto wa Kibakwe haukuti njiani kwenda shule. Kwa kigezo cha maudhui, hiyo ni matini ngeni, na mhakiki anayetaka kila kitu kitoke katika mazingira ya mtoto angeiondoa. Hata hivyo watoto wanashikana mikono, wanazunguka, wanaanguka kwa pamoja pale mdundo unapowataka, wanainuka. Mwili umeikata nyimbo katika vipande na umempa kila mmoja zamu. Ugeni wa mnazi haukuwazuia. Uchezekaji umeshinda jiografia, na hilo linadokeza kwamba tatizo la vitabu vingi vya watoto huenda si kwamba picha zake ni za mbali, bali kwamba hazimwachii mtoto kazi ya kufanya.

7.0 Mipaka ya Hoja

Hoja hii isichukuliwe kuwa sifa za bure kwa masimulizi. Kitendawili hakifundishi herufi. Mtoto anaweza kuwa bingwa wa kutega akabaki hajui kusoma, kama ilivyokuwa kwa mababu wengi waliokuwa mafundi wa lugha. Herufi ni lazima zionekane, na ukosefu wa vitabu katika shule na kaya ni dhuluma isiyofutwa na nadharia. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulitambua upungufu huo mapema, na haja yake haijaisha.

Wala kaya ya leo si ile ya kumbukumbu za wazee. Simu, redio na safari za kutafuta kazi zimezipunguza jioni za ngano, na si kila mzazi kijana anavijua vitendawili vya bibi yake. Kwa hiyo kuiheshimu fasihi ya nyumbani hakumaanishi kudhani kwamba ipo yote. Wakati mwingine kitakachohitajika ni kumrudishia mzazi kile kilichomponyoka.

Tena, kaya isiyo na kitabu si kaya isiyo na maandishi. Kadi ya kliniki ina jina la mtoto mwenyewe, na hakuna neno ambalo mtoto wa miaka mitano anataka kulisoma kuliko hilo. Gunia la mbegu, kiberiti na pakiti ya chumvi vina herufi. Zaidi ya vyote ipo kanga. Mtoto amebebwa ndani yake tangu alipozaliwa, na pindoni mwake pana usemi ulioandikwa kwa herufi kubwa, mara nyingi wa kimafumbo. Hapo utanzu na maandishi vimekwishakutana bila kusubiri programu. Mama, au kaka aliyeko Darasa la III ikiwa mama hasomi, akiufuata usemi huo kwa kidole silabi kwa silabi huku mtoto akipiga makofi, kisha akauliza "wanamaanisha nini hawa?", amefanya somo kamili: kukata, kuoanisha sauti na alama, na kufumbua.

8.0 Hitimisho

Lugha ya sera yenyewe inatoa njia ya kutokea. Miongoni mwa nguzo tano za malezi imo malezi yenye mwitikio. Neno mwitikio limetokana na itika, mzizi uliozaa kuitikia na kiitikio. Katika Kiswahili, anayeitikiwa ameita, na wimbo wenye kiitikio hauimbwi na mtu mmoja. Anayesema "Kitendawili!" hawezi kuendelea hadi asikie "Tega!". Dhana ambayo matini za ushauri huieleza kwa kurasa nyingi imo ndani ya maneno hayo mawili, na mzazi wa Kibakwe anaijua kwa vitendo, kwa lugha yake.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza mambo matatu. Waandishi wa miongozo ya wazazi waanze na kile ambacho mzazi anakifanya tayari wakati mikono yake ina kazi, kisha waoneshe hatua ya kuelekea herufi. Walimu wa darasa la awali walitumie swali la mfanano sambamba na swali la jina, na waifafanue m ya mtu kwa watoto wanaotoka katika lugha zenye mu. Wahakiki wa fasihi ya watoto, nao, wasiishie katika kuhesabu maadili na kutathmini picha. Waulize pia kama matini inachezeka.

Utafiti wa baadaye ungeweza kukusanya vitendawili na michezo ya silabi ya Cigogo inayochezwa na watoto wa umri wa darasa la awali, na kuchunguza ni ipi inayoandaa kusoma na ni ipi inayoburudisha tu. Kazi hiyo haiwezi kusubiri sana. Vitabu vinaweza kuletwa Kibakwe kwa lori mwaka wowote. Mzazi aliyekwishaamini kwamba hana cha kumwambia mtoto wake harudishwi kwa lori.